Kilima cha Upande wa Pili

Mara ya kwanza nilipofika katika mji alikozikwa kaka yangu, nilishuka kwenye treni, nikauliza njia ya kwenda mtoni, nikavuka daraja na kupanda kilima cha upande wa kusini. Makaburi yako upande wa kaskazini. Nilijua hivyo kabla sijaondoka Brussels. Ndiyo sababu nilivuka.

Mji huo ni Florence. Kule juu kilimani kuna uwanja mpana uliosakafiwa kwa mawe, na pembeni yake ukuta mfupi ambao watu huuegemea wakipiga picha. Ukisimama hapo, Italia yote uliyowahi kuiona kwenye kalenda inalala chini yako: mto wa rangi ya chai ya maziwa, madaraja yaliyofuatana, mapaa ya vigae vyekundu, na kuba la kanisa kuu limekaa katikati kama kuku aliyeatamia. Ilikuwa siku ya kazi, mwezi wa kumi na moja, lakini watu walijaa. Kila mmoja aliutazama mji. Mimi nilitazama vilima vilivyo nyuma yake.

Kaka yangu alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa bado mgeni Ulaya. Sisi ni watu wa Lubumbashi. Yeye alitangulia, akapita Brussels, hakuipenda, akasema mvua ya huko haina adabu, inaingia bila kubisha. Akashuka Italia, akapata kazi ya kukata ngozi katika karakana ya mikoba. Mimi nilipokuja nilibaki Brussels. Tulipigiana simu kila Jumapili. Halafu akaanza kukohoa, akasema ni vumbi la karakana, halafu akasema ni baridi. Jumapili moja simu yake ikapokelewa na mtu mwingine, Mkongo mwenzake waliyepanga naye chumba, akaniambia nitafute kwanza mahali pa kukaa.

Sikuweza kwenda kumzika. Wakati ule sikuwa na karatasi, na kama ningetoka Ubelgiji nisingerudi. Kumpeleka nyumbani tulijaribu tukashindwa, na hayo sitaki kuyaeleza. Alizikwa na padri ambaye hakumjua, wafanyakazi wenzake watano au sita, na yule Mkongo, ambaye baadaye alihamia Ufaransa na namba yake ya simu ikafa. Kabla ya kuhama alinitumia picha moja: tuta la udongo, msalaba mdogo wa mbao, na kibao chenye namba.

Lubumbashi walikaa matanga bila maiti. Ilipofika siku ya kuondoa matanga, mama alikataa. Kwa watu wa mama yangu, mzazi ambaye hakuona mtoto wake akishushwa ardhini, yeye ndiye anayetakiwa kufika kaburini kabla ya ndugu wote. Anafika, anakaa chini kwenye udongo, anaongea na mtoto wake mambo yao, halafu palepale anavua nguo nyeusi na kuvaa kitenge kipya. Baada ya hapo ndipo wengine wana ruhusa. Ndugu akimtangulia mama, ni kama amemfungia mlango kwa nje. Wazungu waliomzika hawakuhesabiwa, wala marafiki. Mwiko ulikuwa wetu sisi, watu wa tumbo moja.

Mama mwenyewe alinipigia simu. Nakumbuka nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha tramu cha Jette, hapo Brussels, na mvua ilikuwa inanyesha ile ya kaka yangu, isiyobisha.

"Wewe uko karibu naye, najua," alisema. "Lakini usiende. Hakuna muntu wa famille atafika pale mbele yangu. Mimi njo nilimuzaa, mimi njo nitafika wa kwanza. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Miaka minne baadaye nilipata karatasi, na baada ya karatasi kazi. Nilikuwa nasukuma vitanda katika hospitali kubwa ya hapo Jette: mgonjwa kutoka wodini hadi kwenye picha za mionzi, kutoka picha hadi chumba cha upasuaji, kutoka upasuaji kurudi wodini, na wengine kwenda chini kwenye chumba cha baridi cha maiti. Kazi hiyo ilinifaa. Mimi ni mtu ambaye akikaa mahali pamoja anaanza kusikia vitu. Siku za mapumziko sikuweza kubaki nyumbani. Nilipanda treni yoyote iliyokuwa karibu kuondoka. Nimekwenda Ostende kuangalia bahari ya kijivu, nimekwenda Lille, Liège, Cologne, na kila nilikofika nilitafuta kitu kinachofanana na kwetu. Charleroi kuna vilima vya masalio ya migodi ya makaa, vyeusi, majani yameota ubavuni. Cha kwanza nilikikalia nusu siku nzima kwa sababu kilifanana na kile kilima cheusi cha masalio ya shaba cha Lubumbashi, ambacho tukiwa watoto tulikiona kutoka darasani. Wenzangu wa Porte de Namur, pale tulipokuwa tunakutana Jumamosi kabla ya kuingia Matonge, mtaa wa Wakongo, walinichoka. Mmoja wao alikuwa akisema mbele ya watu: "Huyu, hata wakifungua treni ya kwenda kwenye mwezi, atauliza kama kuna retour ya kumrudisha."

Florence peke yake ndiko sikwenda. Kwa yeyote aliyeniuliza nilisema mama bado hajafika.

Siku nilipokwenda hatimaye, nilijidanganya kwamba nakwenda Pisa. Kulikuwa na ndege ya bei rahisi kutoka Charleroi. Nikafika Pisa, nikauona mnara ulioinama. Ulikuwa umeinama. Baada ya robo saa sikuwa na la kufanya, na treni ya Florence ilikuwa inangoja.

Kule juu uwanjani palikuwa na kijana wa Senegal aliyetandaza picha za mji chini kwenye kitambaa, picha zilezile ambazo mtu angeinua tu macho akaziona bure. Alijua Kifaransa. Nilimsaidia kushika pembe ya kitambaa upepo ulipokuja, tukaanza kuongea. Nikamuuliza makaburi makubwa ya mji yako kilima kipi. Akanyosha kidole ng'ambo, juu ya mapaa, juu ya kuba, mpaka kwenye mkunjo wa kilima ambapo palikuwa na mstari wa miti mirefu, myembamba, myeusi.

"Una mtu kule?"

"Kaka."

"Basi unafanya nini hapa, mkubwa? Shuka, panda basi. Baada ya saa moja utakuwa umefika."

Nikamweleza habari ya mama. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Wabelgiji hawakuwahi kulifanya, halafu akacheka kidogo.

"Mama yako yuko Kongo. Anakuona?"

"Hanioni. Lakini ataniuliza."

"Sawa. Lakini fanya haraka. Hapa wafu hawakai. Wanapewa miaka yao, halafu wanatolewa wengine waingie."

Nilidhani ni mzaha. Sisi Matonge tulikuwa na mizaha mingi ya namna hiyo: kwamba Ulaya hata kufa ni kwa miadi, kwamba malaika wa mauti huko anakuja na fomu. Nikacheka. Kwetu anayemtoa mtu kaburini ni mchawi, na hata mchawi huogopa kuonekana. Haikunijia akilini kwamba mji wenye madaraja mazuri namna ile ungekuwa na ofisi ya kazi hiyo, yenye meza, kompyuta na saa za kufungua.

Nilikaa pale juu mpaka ubaridi uliponitoa. Sikusali. Niliitazama tu ile miti. Jua lilipita nyuma ya mawingu, likatoka, likapita tena, na kila lilipotoka miti ilionekana kusogea karibu. Halafu nikashuka, nikala mkate nikiwa nimesimama, nikarudi Pisa. Jumapili mama aliponiuliza wiki yangu ilikwendaje, nilisema nilikwenda kuona mnara.

Miaka yote hiyo mama alikuwa akiomba visa ya kuja Ulaya. Ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikakataliwa. Kila jibu lilichukua miezi, na kila baada ya jibu alikaa mwaka mzima akikusanya nguvu na karatasi upya. Ya tatu ilikubaliwa alipokuwa amepita sabini na kaka amekaa ardhini miaka kumi na moja. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Zaventem. Alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na mfanyakazi wa uwanja, mikono imekunjwa mapajani, uso mkali kama wa waziri. Miguu yake ilikuwa mizima. Mtu alimwambia Lubumbashi kwamba mzee akiomba kiti hapotei njiani, na yeye alikuwa ameapa kutopotea.

Alikuwa amevaa nyeusi, kilemba cheusi, skafu nyeusi. Nyumbani kwangu alifungua sanduku, akatoa sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa, samaki waliofungwa kwenye magazeti, na chini kabisa kitenge cha samawati kilichokwisha kushonwa, kimekunjwa ndani ya plastiki. Akaniambia nikitundike, kisijikunje. Kilikaa wiki mbili kwenye mlango wa chumba changu, kikisubiri siku zangu za likizo, na kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini nilikigusa kwa bega.

Wamama wa kwetu Katanga wanaoishi Brussels walikuja kumsalimu. Walikuja na vyungu, wakakaa, wakamsifu kwa subira yake. Mmoja alisema kwamba vijana wa siku hizi wangekwenda kaburini hata na kamera. Mama akasema mimi sikuwa hivyo. "Huyu yangu iko kila fasi," alisema, maana safari zangu za kila mahali alizijua, "lakini kule hakufika. Alinisikia." Wakanitazama kwa heshima. Nilikwenda jikoni.

Tulisafiri siku ya Jumanne. Kwenye ndege alishika mfuko wenye kitenge mapajani, akakataa kuuweka juu. Kutoka kituo cha treni tulipanda basi, na basi likapanda kilima, nyumba zikapungua, zikaja kuta za mawe na mizeituni. Mama alitazama yote. Mara moja tu aliniuliza kama huku watu wanalima. Nikasema wanalima.

Langoni palikuwa na ofisi. Nilitoa ile picha ya zamani, msalaba wa mbao na namba. Mwanamke wa mezani alikuwa wa umri wangu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Akaandika namba kwenye kompyuta. Akaniuliza mwaka. Akaandika tena. Halafu akavua miwani aliyokuwa ndiyo kwanza ameivaa, akaniuliza kama ninajua Kifaransa, kwa sababu alikisoma shuleni na angejaribu.

Alijaribu vizuri, maskini. Kila neno lilieleweka. Makaburi ya ardhini, ya wale wasio na la familia, hukaa miaka kumi. Ikitimia, jamaa wanatafutwa. Hawakuwa na anwani ya jamaa yeyote. Tangazo liliwekwa langoni, na jingine kwenye msalaba wenyewe, miezi mingi. Hakuna aliyekuja. Mwaka uliopita, majira ya kuchipua, sehemu ile yote ilifukuliwa. Alinigeuzia kioo cha kompyuta nione. Jina la kaka yangu lilikuwa kwenye orodha, mstari wa katikati, halikukosewa hata herufi moja. Miaka kumi na moja sikuwahi kuona mtu wa Ulaya ameandika jina letu bila kukosea.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Nilisema: "Anasema walimuhamisha."

"Wamemupeleka fasi gani?"

"Wamemuweka pamoja na wengine."

"Wengine nani?"

Ikabidi nimwambie yote. Nilimwambia kwa Kiswahili chetu, taratibu, kama ninavyowaambia wagonjwa kwamba sasa tunaingia kwenye lifti. Alisikiliza akimtazama yule mwanamke, si mimi. Nilipomaliza aliuliza swali moja, nikalitafsiri: nani aliwapa ruhusa?

Mwanamke yule alifikiri. Nadhani alitafuta neno laini na hakulipata katika Kifaransa chake cha shule. Akasema: "Hakuna aliyekataa."

Alitupeleka mwenyewe. Kwanza mahali palipokuwa na kaburi. Palikuwa na mtu mpya, bibi mmoja, picha yake ndogo kwenye kigae, maua ya plastiki ambayo mvua ilikuwa imeyaosha vizuri. Mama alimwangalia yule bibi kwa muda, bila hasira. Kisha tukaenda nyuma, kwenye jengo dogo la mawe. Ndani, sakafuni, palikuwa na bamba la jiwe lenye pete mbili za chuma. Chini yake, alisema mwanamke, ni wote. Hapakuwa na jina. Palikuwa na mishumaa miwili iliyozimika na shada lililonyauka, la mtu aliyemwekea wake.

Nilisubiri mama akae chini. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono akishuka, kisha kutoka nje abaki peke yake avae. Hakukaa. Alisimama kwenye ukingo wa bamba, mfuko umebanwa kwapani.

"Nikae juu ya nani?" alisema.

Yule mwanamke alikimbia kuleta kiti. Mama alishukuru kwa Kifaransa, merci madame, akakishika mgongo, hakukikalia. Akatoka nje. Hatukukaa hata dakika kumi.

Ndege ya kurudi ilikuwa kesho yake. Chumba tulichokodi karibu na kituo kilikuwa hakijafunguliwa, na mama hakutaka kuingia mahali pa kula. Sikujua nimpeleke wapi. Katika mji ule miguu yangu ilijua njia moja tu. Tukashuka mjini, tukabadilisha basi, tukavuka mto, na nikaona tunapanda. Sikulifikiria. Nilibonyeza kengele kituo kimoja kabla ya uwanja, kwa sababu pale njia ya kupanda ina kivuli na ngazi chache. Nilimpeleka kwenye bomba la maji lililo nyuma ya kibanda cha aiskrimu, akanawa mikono na uso, maana anayetoka makaburini lazima anawe. Nilimwonyesha choo kilipo, chini ya ngazi, mahali ambapo mgeni hawezi kupaona. Alipotoka tukakaa kwenye ukuta. Mji ulikuwa chini yetu, siku hiyo bila wingu hata moja, kuba linang'aa, kengele mahali fulani zinagonga. Watu walikuwa wanapiga makofi wakimsikiliza mtu aliyepiga gitaa.

Mama hakutazama mji. Alinitazama mimi.

"Hii bomba, ulijua je kama iko pale?"

Ningeweza kusema niliiona tulipopita. Alikuwa mzee na amechoka, angekubali, au angefanya kama amekubali. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia uongo wa mnara kwa miaka sita, na sikuwa na nguvu ya mwingine.

Nikamwambia nilikwisha kufika. Nikamwambia mwaka. Nikamwambia kwamba wakati ule kaka alikuwa bado yuko pale, ana msalaba wake na namba yake, na kwamba nilikaa hapahapa nikitazama ile miti. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia na habari ya kijana wa Senegal, kwamba alinionya na mimi nikacheka.

Wakati naongea, walikuja kijana na msichana, Wazungu, wametabasamu, wakaninyoshea simu niwapige picha na mji nyuma yao. Niliichukua. Sijui kwa nini niliichukua. Niliwapiga, msichana alikuwa amefumba macho, nikawapiga tena. Ilibidi mama asogee kidogo ili asionekane. Akasogea. Walimshukuru.

"Toka hapa mpaka kule," aliuliza walipoondoka, "ni wakati gani?"

"Na basi, saa moja."

"Une heure." Alikuwa anahesabu kwa Kifaransa kama sisi sote. "Na ulikaa hapa wakati gani?"

"Saa tatu hivi."

"Trois heures," alisema.

Mpiga gitaa alimaliza wimbo na kuanza mwingine. Nilitamani anipige. Nyumbani, tulipokuwa wadogo, alikuwa na mkono mwepesi, na ukishapigwa lilikuwa limekwisha, jioni mnakula sahani moja.

"Tangu nikuzae nilikukataza vitu mingi," alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. "Nilikukataza kuacha masomo, ukaacha. Nilikukataza Ulaya, ukaenda. Nilikukataza ule mwanamuke, ukamuoa, na ye akakuacha. Hakuna kitu moja ulinisikia. Na hii tu, hii moja, njo ukaikamata na mikono mbili."

Nikasema: "Mama, ulisema nisiende."

"Nilisema."

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama neno lile alilitupa kwangu au alijirudishia mwenyewe. Tulikaa mpaka jua likaanza kuuma macho, halafu akasema miguu imevimba.

Tulirudi Brussels Jumatano. Alhamisi na Ijumaa hakutoka chumbani ila kwa kula kidogo. Nilikwenda kazini, nikasukuma vitanda. Nilimshusha mzee mmoja kwenye chumba cha baridi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nikasoma jina kwenye kile kikaratasi cha mguuni, nikalisoma mara mbili.

Jumamosi walikuja wamama. Walikuwa wamepanga tangu kabla ya safari, na sikuwa na ujasiri wa kuwapigia simu kuwazuia. Walipanda ngazi wakicheka na vyungu vyao, bukari, ndio ugali wetu, samaki, sombe, wote kumi wamevaa vitenge vya rangi kali, manjano, kijani, nyekundu, kwa sababu mtu anayetolewa kwenye nyeusi hupokelewa na rangi. Sebule yangu ndogo ilijaa kama bustani. Mmoja aliingia jikoni, akanibana shavu, akasema: "Papa, umefanya kazi ya mwanaume. Miaka yote ile."

Mlango wa chumba ukafunguliwa, mama akatoka. Alikuwa na nguo zilezile nyeusi, kilemba kilekile. Mmoja alikuwa ameanza kupiga vigelegele, akavimeza katikati.

Mama alikaa kwenye kiti alichowekewa. Kulikuwa na desturi yake, na wote pale waliijua: anayefika kaburini wa kwanza ndiye mwenye habari. Anasimulia mtoto amelalaje, kichwa kimeelekea wapi, udongo ni wa namna gani, jirani zake ni nani. Hakuna mwingine anayeulizwa, na mpaka asimulie, chakula hakifunuliwi.

Mzee kuliko wamama wote, ambaye alikuwa ameishi Brussels tangu mimi sijazaliwa, akasogeza kiti, akamshika goti.

"Maman, tuko tunakungojea. Utuambie, mutoto amelala je?"

Mama alitengeneza kilemba chake. Halafu akanyosha kidevu kuelekea mlango wa jikoni, nilikokuwa nimesimama na beseni la kunawia mikono.

"Muulize huyu," alisema. "Ye njo alifika wa kwanza."

Wote wakageuka. Niliweka beseni chini, maji yakamwagika kidogo kwenye zulia, hakuna aliyeinama kuyafuta. Nilianza na treni, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuanzia. Nikaeleza mto, daraja, ngazi. Nikaeleza miti myeusi ng'ambo, nikaona yule aliyenibana shavu anakunja uso, bado haelewi kwa nini nasimulia kilima wakati nimeulizwa kaburi. Nikasema nilikaa pale nikitazama, kama saa mbili.

"Trois heures," mama alisema.